Hamsini na Sita

Pampu inanguruma tangu saa mbili usiku.
Ombwe bado halijatimia. Kuna mahali panavuja,
nadhani ni ile pete ya mpira niliyoipaka mafuta kwa kidole.
Nje, Arua inazima taa mtaa mmoja mmoja.
Mimi na Drileba tunangoja sindano ishuke.

Sahani yenyewe ni ndogo, kifuniko cha soda kinaifunika,
nayo imetobolewa matundu ambayo jicho haliyaoni.
Ioni ikiangukia tunduni hugonga ukuta,
elektroni moja ikazaa mbili, mbili zikazaa kundi,
na huku mwisho mashine husema: ti.
Ikiangukia kati ya tundu na tundu
mashine haisemi kitu.
Ioni imefika. Imefika kabisa.
Ila haikuandikwa.

Drileba anauliza wanachouliza wote wakija hapa:
"Utajuaje umekosa ngapi,
na ulizozikosa ndizo hukuziona?"

Namweleza habari za mama.

Mwaka ule watu walipovuka Oraba na magodoro vichwani,
ofisi iliweka karani langoni, na meza, na muhuri.
Hatua mia mbili mbele, mama alikuwa na pipa la maji.
Hakuna aliyemtuma kuhesabu. Alihesabu
kwa sababu kikombe kilikuwa kimoja
naye alitaka kujua kimepita midomo mingapi.
Aliandika majina katika daftari langu la shule,
nyuma ya hesabu zangu za kuzidisha, zenye makosa mekundu.

Karani akiinama kutafuta wino, wanapita watatu.
Mama akimfuta mtoto kamasi, inapita familia.
Hakuna aliyezembea. Hata chombo hiki,
kikishashika kimoja hufumba kidogo
kabla ya kushika kingine.
Sisi tunauita muda mfu.

Jumanne moja: karani, mia tatu sitini.
Mama, mia tatu.
Waliomo kwake na kwa karani pia: mia mbili kumi na sita.

Nageuza karatasi ya grafu, namwonyesha.
Katika mia tatu wa mama, karani aliwaona mia mbili kumi na sita,
basi jicho la karani ni sabini na mbili kwa mia.
La mama, kwa njia hiyo hiyo, sitini.
Zidisha, gawanya: waliovuka ni mia tano.
Walioandikwa popote ni mia nne arobaini na nne.

Drileba anatoa. Anatoa tena.
"Hamsini na sita," anasema,
kama mwalimu aliyeita jina na darasa likanyamaza.

Ndivyo tutakavyofanya usiku huu.
Chombo hiki kitashika elektroni,
kile kitashika ioni iliyoachana nayo,
kisha tutauliza kila kimoja:
mwenzako aliposema ipo, wewe ulikuwa wapi?
Idadi yao hatuhitaji kuijua mapema.
Tunahitaji mashahidi wawili
ambao hawakunong'onezana.

Sindano imeshuka. Napandisha volti, mia, mia nyingine.
Ti. Ti ti.
Kimya.
Ti.

"Na atomi tupu," anasema Drileba, "isiyo na chaji?"
Hiyo volti haiivuti. Inakwenda zake,
na ikienda polepole, hata ikigonga tundu haiamshi mtu.
"Na waliovuka usiku, kwa porini,
wakalikwepa lango, wakalikwepa na pipa?"

Hao hawamo katika mia tano.
Hawamo hata katika hamsini na sita.
Kanuni yangu haiwajui.

Mama aliwajua. Karani akishafunga meza,
yeye aliacha kikombe juu ya pipa, kimefunikwa kwa jani,
na alfajiri alishusha mkono ndani
kupima maji yamepungua kiasi gani.

Daftari ninalo, liko kwenye droo hii ya fyuzi.
Jumatano, asubuhi, kwa penseli:
vidole vinne.